Tunataka kuwapeleka watoto Disney: tupange vipi ili tusirudi na deni?

Swali: "Tunaishi Dodoma, mimi na mume wangu ni watumishi. Tumeweka akiba miaka mitatu ili tuwapeleke watoto Disney. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 7, wa mwisho anatimiza miaka 2 katikati ya Juni. Tunafikiria likizo ya Juni, na tungependa kwenda na mama mkwe wangu mwenye miaka 68, ambaye anasumbuliwa na magoti na anatumia dawa za presha. Shemeji anasema Disney ipo Dubai, tuchukue hoteli ya humohumo ndani kwa siku tano na tukate tiketi za siku zote tano ili hela yetu isipotee bure. Mume wangu anasema pesa ikipelea tutaongezea mkopo wa SACCOS. Mimi naogopa tutafika kule tuchoke, tugombane, halafu turudi na deni. Tupange vipi?"

Dada yangu, hofu yako ina msingi, na usikubali izimwe na hamu ya wenzako. Safari za namna hii zikiharibika, ni mara chache ubaya wa mahali ndio unaozivuruga. Huharibika saa nane mchana, pale mdogo analia kwa usingizi, wa kati ameambiwa ni mfupi haruhusiwi kupanda mchezo alioungoja mwaka mzima, bibi kakaa peke yake kwenye benchi na magoti yake, na baba anapiga hesabu ya chakula cha watu sita. Karibu yote hayo yanazuilika mkiwa bado hapo Dodoma, na ndiyo sababu nimefurahi umeuliza mapema.

Nianze na la shemeji. Dubai hakuna Disney. Zilizopo ni mbili Marekani (California, iliyofunguliwa 1955, na Florida, 1971), kisha Tokyo, Paris, Hong Kong na Shanghai. Mei 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itajengwa nyingine Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas, na nadhani hapo ndipo maneno yalipochanganyika, ila tangazo bado halijawa lango la kuingilia. Dubai ina bustani nyingine za burudani: Legoland, inayolenga watoto wa miaka 2 hadi 12, na jirani yake Motiongate, zote upande wa Jebel Ali, pamoja na IMG Worlds of Adventure, ambayo yote iko ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Abu Dhabi, kwenye hicho kisiwa cha Yas, kuna Ferrari World, Warner Bros. World, SeaWorld na bustani ya michezo ya maji ya Yas Waterworld, zote karibu karibu. Waambieni watoto ukweli sasa hivi. Mtoto aliyeahidiwa Mickey Mouse akakutana na Tom na Jerry hatalia kama alijua tangu nyumbani. Akifika pale akidhani kadanganywa, atalia, na atakuwa na haki.

Kama moyo wenu umeshikilia Disney yenyewe, tazameni milango miwili. Florida na California kwa sasa ningeziweka pembeni kabisa, kwa sababu masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekazwa tangu mwishoni mwa 2025, na sitaki familia iweke akiba ya miaka mitatu juu ya jambo lisilo mikononi mwake. Paris inawezekana. Bustani iko Marne-la-Vallée, kilomita 32 mashariki ya jiji, treni ya RER inakushusha langoni, na Juni kule hali ya hewa ni nzuri. Lakini viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ufaransa, ina gharama zake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya miaka 6 bure. Kwenu ninyi watu sita hiyo ni euro 360, na mkinyimwa hairudishwi. Ongeza bima ya safari inayofidia matibabu ya angalau euro 30,000 kwa kila mmoja, na safari ya kwenda Dar es Salaam kuwasilisha maombi. Watu wanakwenda na wanarudi salama, sikatai, ila kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili na akiba inayotaka kuongezewa mkopo, mimi ningechagua Ghuba, yaani Dubai na Abu Dhabi huko Falme za Kiarabu.

Sasa foleni. Hili nataka ulielewe vizuri kuliko mengine yote, kwa sababu ukilielewa utaweza kupanga siku yoyote, kwenye bustani yoyote.

Mchezo mmoja ni sawa na mashine ya kusaga ya mtaani: ina uwezo wake kwa saa, na wingi wa madebe yaliyopangwa mlangoni hauifanyi isage haraka zaidi. Chukua mfano wa treni ya viti 20 inayoondoka kila dakika. Kwa saa inabeba watu 1,200, basi. Saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa wanafika watu 500 kwenye mchezo ule, wote wanapanda, foleni hakuna. Saa ya pili wanafika 1,600. Wanapanda 1,200, wanabaki 400. Saa ya tatu wanafika 1,600 wengine, wanabaki 800. Anayejiunga hapo anasimama dakika 40, na hakuna mtu aliyefanya kosa lolote. Tangu hapo foleni inabaki hivyo au inarefuka, hadi jioni wenye watoto wadogo wanapoanza kuondoka.

Maana yake kwenu ni kwamba saa moja na nusu za mwanzo zina thamani kuliko mchana mzima. Familia iliyofika langoni nusu saa kabla ya kufunguliwa inapanda michezo minne mitano mikubwa kabla hata ya kutafuta maji ya kunywa. Iliyochelewa kwa kunywa chai ndefu hotelini inapanda miwili, na inalipa bei ileile. Kwa hiyo chai nyepesi, michezo inayopendwa zaidi kwanza, halafu mchana watu wakiwa wengi ndipo mle, mtazame maonyesho ya jukwaani, au mrudi kulala. Chagueni pia siku za katikati ya wiki. Tangu Januari 2022 wikendi ya Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku ya kazi, kwa hiyo Jumanne au Jumatano ndizo zangu.

Mtauziwa pia tiketi ya kupita foleni ya haraka. Fahamuni kwamba haiongezi kiti hata kimoja kwenye treni, inachukua viti kutoka kwa waliosimama foleni ya kawaida. Siku ya msongamano inasaidia kweli. Jumanne ya kawaida, kwa familia iliyowahi lango, ni kupoteza pesa bure. Msiinunue kabla ya safari.

Jambo la pili ni urefu. Kila mchezo wa kasi una kipimo chake, na wahudumu wana fimbo ya kupimia pale mlangoni. Wazazi wengi hudhani ni urasimu unaoweza kuzungumzika. Hauzungumziki, na ni vizuri hivyo, maana kile chuma kinachoshuka mapajani au mabegani kimetengenezwa kumshika mtu wa umbo fulani, na mtoto mfupi anaweza kuchomoka treni ikipinda. Formula Rossa ya Ferrari World, inayofika kilomita 240 kwa saa, inataka sentimita 140. Wa kwenu wa miaka 11 yuko mpakani kabisa mwa kipimo hicho, na wa miaka 7 hapandi. Kwa kulinganisha, treni ya mgodini ya Disneyland Paris inataka sentimita 102 tu. Leo jioni msimamisheni kila mtoto ukutani, kisigino kwenye ukuta, kitabu kichwani, mwekeeni alama ya penseli, kisha muingie kwenye tovuti ya kila bustani mtazame nani anapanda nini. Ikionekana wa kati atakuwa mtazamaji kwa nusu ya michezo, hiyo si bustani yenu mwaka huu, hata ingekuwa na jina kubwa namna gani.

Mkiwa na mdogo asiyepanda, ulizeni utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anasubiri na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Bustani nyingi kubwa zinao, lakini lazima uombe kwa mhudumu wa mlangoni kabla hamjaingia foleni. Familia nyingi huligundua hili siku ya kuondoka.

Kuhusu tiketi za siku tano: shemeji yuko sahihi kwamba bei ya siku moja hushuka kadiri unavyonunua siku nyingi. Alichosahau ni mwili. Siku kamili ya bustani ni kilomita kadhaa za kutembea na saa nyingi za kusimama kwenye kelele. Siku ya tatu mfululizo watoto hawafurahii tena, wanavumilia. Ningewashauri siku mbili za bustani, na katikati yake siku moja ya bwawa la hoteli na usingizi. Siku ya kwanza nendeni wote Warner Bros. World, ambayo ina michezo mingi ya wadogo na yote iko ndani. Siku ya tatu gawanyikeni: baba na mkubwa Ferrari World, wewe na wengine SeaWorld. Mtoto wa miaka 11 anastahili siku yake na baba yake bila kuambiwa amsubiri mdogo.

Na mama mkwe, je, mmemuuliza anataka nini? Nauliza kwa heshima, kwa sababu mara nyingi bibi hupangiwa safari kama mzigo unaopendwa. Wengine wanataka kuona kila kitu, basi azimiwe au akodishiwe kiti cha magurudumu langoni, na asione aibu. Wengine wangefurahi zaidi na siku moja ya bustani na siku nyingine za bwawa na shikamoo za wajukuu. Lakini asije akageuka yaya wa siku zote tano eti kwa sababu yeye hapandi michezo. Mkubaliane hilo kabla ya kukata tiketi.

Hoteli ya ndani ya bustani, au ya karibu yenye basi la bure, kwa familia yenye mtoto mdogo ina faida moja kubwa: kurudi kulala mchana. Faida hiyo mnaihitaji siku za bustani tu. Kaeni Yas kwa usiku hizo tatu, na kama mna siku za kutembea Dubai, hamieni Deira ambako bei ni nafuu na Waswahili wanaofuata biashara mtawakuta. Kumbukeni pia kwamba hoteli nyingi hazikubali watu sita chumba kimoja. Linganisheni bei za vyumba viwili, msidanganyike na tangazo la "kuanzia".

Nije kwenye mwezi. Watu wa Dodoma mnasema jua mnalijua, na ni kweli mnalijua jua kavu. Mji wenu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa yake ni kavu, hivyo jasho likitoka linakauka upesi, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Hata Novemba kabla ya mvua, ukikaa chini ya mwembe unapata nafuu. Dubai Juni joto la mchana huzunguka nyuzi 40, na juu ya hapo kuna unyevu wa Ghuba. Jasho linatoka, halikauki, linatiririka tu, na joto linabaki mwilini. Kivuli hakitoshi. Mtoto wa miaka miwili hupata joto haraka kuliko mtu mzima, na mtu wa presha anayetumia dawa za kutoa maji mwilini yuko kwenye hatari zaidi. Nanyi mtakuwa mmetoka kwenye kipupwe na masweta ya asubuhi. Kwa hiyo mkienda Juni, bustani za ndani tu: msiweke Legoland wala michezo ya maji saa za mchana.

Chaguo la Juni lina mvuto mmoja wa kweli. Mtoto ambaye hajafika miaka 2 husafiri mapajani kwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishafikisha 2 anatakiwa kiti chake, na nauli ya mtoto mara nyingi haipishani sana na yenu. Angalieni hapa: akitimiza miaka 2 mkiwa safarini, wakati wa kurudi lazima awe na kiti. Ili mpate nafuu hiyo ni lazima mwende na mrudi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, ndani ya siku chache baada ya shule kufungwa. Inawezekana, ila mtaingia kwenye joto, mkikimbizana na tarehe, na labda kwa mkopo.

Mimi ningeenda mapema Desemba. Shule zimefungwa, Dubai mchana ni karibu nyuzi 26, na mnaweza kukaa nje na bibi bila wasiwasi. Epukeni tarehe 2 na 3, ni sikukuu ya taifa lao, na rudini kabla ya wiki ya Krismasi, maana hapo bei na foleni hupanda pamoja. Mtalipia kiti cha mdogo, ndiyo. Lakini mtakuwa mmepata miezi sita zaidi ya kuweka akiba, na huenda ikafuta haja ya mkopo.

Juu ya mkopo sina maneno ya kuzunguka: msiuchukue. Gharama zenu za kule ni za dirham, na dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997. Shilingi ikishuka dhidi ya dola kati ya leo na siku ya kuondoka, safari yote inapanda bei wakati mshahara umesimama palepale. Anayekwenda na akiba anaweza kupunguza siku moja. Aliyekopa tayari hana pa kupunguzia, na makato yataanza Januari, mwezi wa ada na sare. Andikeni mafungu kwenye karatasi: nauli, ambayo kwa familia ya watu sita ndiyo fungu zito kuliko yote, viza, vyumba, tiketi za bustani, chakula, usafiri wa kule, na moja ya kumi ya jumla isiyoguswa. Kama akiba haifiki, punguzeni siku za kukaa au sogezeni mwaka.

Kabla ya hayo yote, Juni hii fanyeni jaribio. Pandeni SGR pale Mkonze, ambayo tangu 2024 inawafikisha Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa nne kwa treni ya haraka, lalani usiku mbili upande wa Kunduchi na mwingie Kunduchi Wet 'n' Wild siku ya kazi. Pigeni simu kwanza kuuliza saa na viingilio. Watoto watafurahi kweli, na wewe utapata majibu ambayo mimi siwezi kukupa: mdogo anadumu saa ngapi bila usingizi, wa kati anaogopa kimo au anakipenda, bibi anatembea umbali gani kabla magoti hayajavimba. Wekeni simu ihesabu hatua. Kama siku ile moja imewachosha hadi mkagombana, hamna sababu ya kununua tano ng'ambo.

Makaratasi nayapitia haraka. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi kabla ya kuanza maombi. Pasipoti zote ziwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha muda wake. Ninyi watumishi ombeni ruhusa ya mwajiri mapema. Msilipe tiketi isiyorejesheka kabla viza hazijatoka. Wakala mumwone ofisini kwake, awaonyeshe leseni ya TALA (ya mawakala wa utalii) na usajili wa BRELA (wa kampuni na biashara), na malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni. Ofa tamu ya kwenye kundi la WhatsApp inayotaka utume pesa kwenye namba ya mtu binafsi, achaneni nayo.

La mwisho ni la mama mkwe, na hili halimalizwi kwa maandishi. Mpelekeni kwa daktari wake, awe wa Hospitali ya Benjamin Mkapa au wa hospitali mnayoitumia, wiki nne au zaidi kabla ya safari. Apimwe presha, muulizeni kuhusu kukaa kwenye ndege kwa saa tano hadi sita, na mwambieni daktari kama bibi anapata maumivu ya kifua au anahema akipanda ngazi, maana hilo linaweza kuahirisha safari. Kisha mchukue mfuko wote wa dawa zake muumwage mezani. Wagonjwa wa magoti wengi hupewa tramadol au dawa zenye codeine, na katika Falme za Kiarabu hizo ni dawa zinazodhibitiwa kisheria: kuingia nazo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu polisi hata kama kwetu aliandikiwa kihalali. Muulizeni daktari kama anaweza kubadilishiwa. Ikishindikana, kibali kinaombwa mtandaoni kwa mamlaka yao husika kabla hamjaondoka. Dawa za presha ziwe kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa, na zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye begi la chini ya ndege.